Mgonjwa wa Lihimba

Kila Jumapili, kabla ya kipindi cha Meza ya Taifa, nilikuwa nafanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Nafuta kioo cha chumba changu cha kazi, juu ya studio, kwa kipande cha kanga kuukuu. Namimina uji kwenye kifuniko cha chupa ya chai ili upoe. Kisha naijaribu Kifasiri, mashine yetu ya kufasiri maneno: natamka sentensi tano kwenye kipaza sauti na kuangalia kama ukanda ulio chini ya skrini unaandika maana inayotakiwa.

"Huyu jamaa ana mkono mrefu," nilisema asubuhi ile.

MSEMAJI ANAMTUHUMU MTU KWA WIZI, ukanda ukaandika. Uhakika asilimia tisini na nane.

"Chama chetu kimepata jiko."

CHAMA KIMEUNGANA NA CHAMA KINGINE. Tisini na sita.

Nilikuwa nimefungua mdomo kwa sentensi ya tatu, sauti ya mwanamume ikaingia kwenye spika yangu kutoka studio ya chini. Fundi sauti alikuwa amemwambia mgeni ajaribu kipaza sauti chake. Watu wengine huhesabu moja, mbili, tatu. Yeye alisema taratibu, kama mtu anayeongea na simu:

"Mgonjwa wetu amezidiwa kidogo. Watoto wasogee nyumbani."

Uji ukanimwagikia mkononi.

Ukanda ukaandika: MTU ANAUMWA. WATOTO WARUDI NYUMBANI. Tisini na tisa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja siku mwalimu wa zamu aliponiita nje ya darasa na kuniambia, "Subilaga, mama yako anaumwa kidogo. Mama yako mdogo amekuja kukuchukua." Mama alikuwa amefariki tangu alfajiri. Njiani mama mdogo alininunulia mahindi ya kuchoma na kunisimulia habari za mbuzi wake. Nilijua nilipoona kwa mbali viti vyetu vimetolewa nje na mikeka imetandikwa barazani. Huku kwetu ndivyo tulivyokuwa tukipeana habari za msiba. Hatusemi kafa. Tunasema kazidiwa, njoo nyumbani. Anayeambiwa anaelewa, lakini anaachiwa njia nzima ya kutoelewa.

Siku hizi hakuna anayesema hivyo. Hospitali ikishathibitisha kifo, ujumbe unaingia kwenye simu za ndugu wote kwa dakika moja, na jina, na saa. Ndiyo maana Kifasiri haikuijua ile kauli. Inajifunza kutokana na maneno ya miaka mitano iliyopita tu, na katika miaka mitano hiyo hakuna mtu aliyerekodiwa akimficha mwenzake msiba kwa huruma.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Ndimbo, msimamizi wangu, aliingia na karatasi mkononi na peremende mdomoni.

"Mwanangu, mbona unaoga uji?"

"Samahani, bwana. Nani yuko studio?"

"Mgeni wa nyongeza. Mhandisi Ambwene Kasyupa, wa Bwawa la Lihimba. Wizara imemleta awatoe watu wasiwasi." Akanitazama. "Si ndiko kwenu?"

"Ndiko aliko mama yangu mdogo."

"Basi leo utamsikia mtu wa nyumbani," alisema, akaketi kwenye kiti chake pembeni yangu, karibu na tundu la ufunguo wake.

*

Labda nieleze kazi yenyewe, maana watoto watakaosoma haya huenda wasijue tuliishi vipi.

Ule mwaka soko kuu lilipochomwa kwa sababu ya methali moja iliyosemwa kwenye televisheni, watu walichoka. Mgombea alisema hakumaanisha hivyo. Vijana walisema walimwelewa hivyohivyo. Waliokufa walikuwa thelathini na nane. Ikapitishwa Sheria ya Maana Moja: neno lolote la siasa linaloruka hewani lazima liambatane na maana yake, na maana iliyoandikwa kwenye ukanda ndiyo ya kweli mbele ya polisi na mahakama. Alichokusudia msemaji hakihesabiki, wala alichosikia msikilizaji.

Mimi niliipenda sheria ile. Nasema kwa aibu. Nimekuwa mtu wa kuongea chini chini maisha yangu yote, na mara nyingi watu wamenielewa vibaya nikashindwa kuwarekebisha. Nilipohitimu chuo nikaona hapa ndipo pangu: mahali ambapo hakuna atakayebaki na dukuduku.

Maneno ya studio huchelewa sekunde nane kabla ya kufika kwa watazamaji. Katika sekunde hizo mpitishaji, kama mimi, anasoma maana iliyopendekezwa na mashine. Akikubali, anabonyeza kitufe cha kijani. Asipokubali, anaandika yake, na inarekodiwa kwa namba yake ya kazi. Lakini uhakika wa mashine ukizidi asilimia tisini na tano, maana haibadilishwi mpaka msimamizi naye azungushe ufunguo wake. Katika miaka minne nilikuwa nimeandika maana yangu mara kumi na moja tu.

Saa nne kamili taa nyekundu ikawaka.

Mtangazaji, Hawla Sengo, aliwakaribisha watatu wake. Kushoto Naibu Waziri Likungwa, mwanamume mnene mwenye suti ya kijivu. Kulia mbunge wa upinzani, Bi. Nkuba, ambaye hakosi la kusema. Katikati Mhandisi Kasyupa, mzee kidogo, ndevu hazijanyolewa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa na tope kavu kwenye ukingo wa kucha.

"Bwawa liko ndani ya viwango vinavyokubalika," alisema Naibu Waziri. "Wananchi waendelee na shughuli zao."

"Mheshimiwa anaongea kama kikaratasi cha dawa," alisema Bi. Nkuba. "Ukikimaliza bado hujui umeze vidonge vingapi."

MSEMAJI ANASEMA NAIBU WAZIRI HAELEWEKI. Kijani.

"Na wewe ulianza lini kusoma?"

NAIBU WAZIRI ANADHARAU ELIMU YA MWENZAKE. Kijani.

Wasaidizi wao walicheka nyuma ya kamera, kisha wakaona ukanda wakanyamaza. Siku hizo kicheko kilikuwa kinakufa hivyo, kikishaona maelezo yake.

"Mhandisi," alisema Hawla, "watu elfu kumi na moja wa bonde la Lihimba wanakutazama wewe. Bwawa ni salama?"

Naibu Waziri alimgeukia na kutabasamu.

"Mimi ni mtoto wa kulekule," alisema Mhandisi. "Nawaambia ndugu zangu wa bondeni. Mgonjwa wetu amezidiwa kidogo. Watoto wasogee nyumbani."

BWAWA LINA HITILAFU NDOGO. WAKAZI WAREJEE MAJUMBANI. Uhakika tisini na tatu.

Tisini na tatu. Sikuhitaji ufunguo wa mtu. Vidole vyangu vilikuwa kwenye herufi. Ningeandika kwamba bwawa limeshakufa, kwamba mtu huyu anatangaza msiba. Lakini yeye hakusema kwa njia ile kwa bahati mbaya. Alikuwa amejificha ndani ya maneno, na mimi ningemtoa nje mbele ya nchi nzima. Nilimwona anavyoishika meza. Nikawaza: wazee wa bondeni wataelewa. Wanaojua wanajua. Wataondoka, na huyu baba atarudi kwake salama.

Sekunde ya saba nikabonyeza kijani.

*

Mapumziko ya matangazo yalikuja karibu saa nzima baadaye, nayo ni dakika kumi na mbili. Nilimwambia Bwana Ndimbo naenda msalani, nikashuka ngazi mbili mbili. Mhandisi alikuwa kwenye korido ya nyuma, amesimama mbele ya bomba la maji bila kunywa.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Mimi ndiye niko juu. Kwenye ukanda."

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Ulielewa," alisema.

"Nilielewa tangu ulipojaribu kipaza sauti."

"Nilitamka vile nijue kama huko juu kuna mtu au kuna mashine tu." Akapangusa uso. "Ahsante kwa kutoniandika."

Nilimwomba anieleze. Alieleza kwa maneno ya kawaida kabisa, kwa sauti ya chini. Ukuta wa Lihimba ni wa udongo ulioshindiliwa. Kila ukuta wa namna hiyo unavuja kidogo, na maji yanayovuja yakiwa safi unalala usingizi wako. Tangu Alhamisi yanatoka na tope. Maana yake ukuta unaliwa kutoka ndani. Mota ya lango la chini iliungua, kwa hiyo vijana wake sita wanalizungusha lango kwa mkono, zamu kwa zamu, kupunguza maji.

"Wakiendelea, ukuta unafika kesho asubuhi. Wakiacha, hautasimama zaidi ya saa mbili."

"Na Wizara?"

"Wizara inasubiri wataalamu Jumatano. Nimesainishwa karatasi. Nikitamka hatari kabla yao, hiyo ni kueneza taharuki, mimi na kikosi changu chote. Wataondolewa pale leo leo. Sasa, binti, nikisema wazi, watu wanajua lakini nawanyang'anya muda. Nikinyamaza, wana muda lakini hawajui wautumie kwa nini." Akatikisa kichwa. "Nikaona njia ya katikati ni kusema kama tulivyolelewa."

Nilitoa simu nikampigia mama mdogo, nikaweka spika ili naye asikie. Nilikuwa na hakika atapokea akiwa na begi kichwani.

"Subi! Mwanangu, afadhali umepiga. Umesikia ya televisheni?"

"Nimesikia, mama. Mmeelewaje?"

"Tumeelewaje? Si msiba huo! Mimi nikaangalia ule ukanda wenu, nikasema achana nao, hawa watoto hawajui. Mzee mzima haongei vile mbele za watu kama hakuna aliyekufa. Tumeshatoa viti nje. Masufuria makubwa nimeazima kanisani. Wajomba zako wamepiga kutoka mjini, wako njiani, na wa ng'ambo ya mto pia. Mabasi yamejaa, wanasema. Watu wote wa Lihimba wanarudi nyumbani."

Mhandisi aliteleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni.

Mtu akisikia msiba, anakwenda kwenye msiba. Hilo hakulifikiria, na mimi sikulifikiria. Tuliwaza juu ya kuelewa tu. Tukasahau miguu inafanya nini baada ya kuelewa. Wasioelewa walikuwa wameusoma ukanda na kubaki. Walioelewa walikuwa wanakuja.

"Mama," nilisema, "njoo mjini unitembelee. Leo hii. Njoo na jirani zako."

"Ewe! Niwaache wageni mlangoni? Watanisemaje?"

"Nimekukumbuka sana, mama."

"Na mimi nimekukumbuka. Tukishazika nitakuja, hata wiki nzima. Haya, ugali utaungua." Akakata.

Hata pale sikusema. Mtu yuko umbali wa neno moja na mimi, nikamwambia nimemkumbuka.

Kwenye spika ya korido fundi sauti akaita: dakika tatu. Mhandisi alijiinua kwa kushika bomba.

"Vijana wangu wale sita," alisema, "wa mwisho ana miaka ishirini na miwili. Nilimfundisha mimi kusoma kipimo." Akaweka shati lake sawa. "Nitasema. Wazi. Wewe pitisha tu kama nilivyosema."

"Nitapitisha."

*

Nilifika kwenye kiti changu taa ikiwaka. Bwana Ndimbo alinitupia peremende, sikuiokota.

Hawla aligeukia upande wa serikali, lakini Mhandisi alishainua mkono kama mwanafunzi.

"Naomba niseme jambo moja."

"Karibu, Mhandisi."

"Bwawa la Lihimba litabomoka," alisema. "Kabla ya kesho asubuhi. Maji yatafunika bonde lote. Ondokeni sasa."

Sijawahi kusikia sentensi safi kama ile ndani ya studio ile. Nilishusha macho kwenye ukanda nikiwa nimeshainua kidole.

MSEMAJI ANATABIRI KWAMBA SERIKALI ITAANGUKA. ANAWATAKA WAFUASI WAANDAMANE. Uhakika tisini na saba.

Kwa sekunde nzima sikuelewa ninachosoma. Halafu nikaelewa, na ilikuwa mbaya zaidi. Kifasiri inapima maneno kwa mahali yanaposemwa. Katika meza ile, kwa miaka mitano, kila ukuta uliotajwa kubomoka ulikuwa chama, kila mafuriko yalikuwa kura, na kila aliyeambiwa aondoke alikuwa waziri. Hakuna mtu aliyewahi kukaa pale akasema maji akimaanisha maji.

Niliandika haraka: BWAWA LA LIHIMBA LITABOMOKA. WAKAZI WAKIMBIE. Kisanduku kikafunguka: ufunguo wa pili unahitajika.

"Bwana, zungusha."

"Tisini na saba, mwanangu."

"Anasema bwawa. Bwawa lenyewe. Nimeongea naye, nimempigia mama yangu—"

"Umeongea na mgeni wakati wa kipindi?" Uso wake ukabadilika. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kunipa likizo yake mwenyewe nilipougua. Mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo, ukaushika. Sekunde ya tano. Ya sita. "Nikizungusha na wewe umekosea, watu elfu kumi wanakanyagana barabarani. Nani atakuwa aliyesema? Mimi."

"Mimi. Namba ni yangu."

"Ufunguo ni wangu," alisema, na akautoa kwenye tundu akaufumbata.

Ya nane. Maana ya mashine ikaruka yenyewe.

Bi. Nkuba, aliyekuwa akiusoma ukanda kwenye skrini ya studio, alipiga makofi. "Mmesikia! Mtaalamu wao wenyewe! Itaanguka, na kabla ya kesho asubuhi!"

"Huu ni uchochezi," alisema Naibu Waziri, tayari amesimama. "Tulimleta mhandisi, kumbe ni mwanaharakati."

"Nasema maji!" Mhandisi alipaza sauti. "Jamani, maji! Maji ya kunywa haya!" Akanyanyua glasi iliyokuwa mbele yake akaimwaga mezani, yakatiririka mpaka kwenye karatasi za Hawla.

MSEMAJI ANALALAMIKIA HUDUMA YA MAJI. Tisini na sita.

Niliandika tena. Ufunguo wa pili unahitajika. Nikaandika tena. Nilimshika Bwana Ndimbo ngumi, nikajaribu kuikunjua kidole kimoja kimoja, mimi ambaye hata nauli yangu naona haya kuidai. Alikuwa analia, lakini hakuachia. Chini yetu walinzi wawili walikuwa wamemshika Mhandisi makwapani. Hakupigana nao. Aliitazama kamera na midomo yake ikaendelea kusogea, lakini fundi sauti alikuwa ameshamzima, na ukanda ulikuwa mtupu, maana kisichosikika hakina maana.

Meza ya Taifa iliendelea. Kwa dakika ishirini walijadili kama serikali itaanguka. Naibu Waziri alisema haitaanguka, Bi. Nkuba akasema itaanguka, kila mmoja na takwimu zake. Hawla alikausha karatasi kwa leso. Katikati ya mjadala Naibu Waziri alipokea karatasi, akaisoma, akatangaza kwa kuridhika kwamba kikosi cha uchochezi kilichokuwa kimejichimbia bwawani Lihimba kimeondolewa bila fujo.

NAIBU WAZIRI ANASEMA HALI NI SHWARI.

Ukanda haukunisubiri nibonyeze kijani. Nilikuwa nimeshasimama.

*

Simu iliita mara nyingi kabla hajapokea. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, mgongo ukutani. Nilisikia kwanza kelele za watu wengi, pikipiki, mtoto anaitwa jina, kisha sauti za wanawake waliokwisha kuanza kulia. Walikuwa wanalia vizuri, kwa kupokezana. Mama mdogo alisogea pembeni. Nilisikia mlango ukifungwa na kelele zikipungua.

"Subi, mwanangu. Wamefika zaidi ya mia tatu na bado wanashuka. Wengine sijawaona tangu mama yako azikwe. Wanalia, lakini hawajui wamlilie nani, na wanaona haya kuuliza. Mimi mwenye nyumba naona haya zaidi. Nimepita nyumba kwa nyumba kuhesabu wazee wetu, wote wazima." Akashusha sauti. "Wewe uko huko kwenye habari. Usinifiche kama nilivyokuficha siku ile na yale mahindi. Nani amekufa?"

Nilitafuta maneno laini. Nimeyatafuta maisha yangu yote na kila mara yalikuja. Nilivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza sikupunguza sauti. Mtu aliyekuwa anapanda ngazi alisimama kunitazama.

"Ni nyinyi, mama," nilisema. "Ukuta umeoza, hakuna tena anayeushikilia, maji yanakuja mchana huu. Waliokufa ni nyinyi. Acheni masufuria, acheni wageni, kimbieni."